Hukumu Iko Karibu na Lebo

Mwezi uliopita nilialikwa chai katika sebule moja hapa Kiogoro, Kisii, na mwenyeji akatutolea mashine yake mpya ya santuri, ile ya mkoba, yenye spika ndogo ndani na kishikio cha kubebea. Akaweka singo ya benga ya miaka ya sabini. Mwimbaji alisikika kama ameziba pua, besi haikuwapo kabisa, na magitaa yalipoanza kupanda yakachanganyikana yakawa kelele moja. Watu wazima waliokuwa pale, watu walioijua benga ikiwa changa, walitikisa vichwa kwa furaha. Wakasema hiyo ndiyo sauti yenyewe ya enzi zile. Mmoja akaongeza kwamba anayetaka sauti safi arudi kwenye simu yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya sifa zile. Santuri haikulia hivyo mwaka 1975 na haina sababu ya kulia hivyo leo. Tulichokisikia ni katriji (kile kijisanduku kinachoshika sindano) ya seramiki yenye sindano ya yakuti, nyepesi kuchakaa, inayoukandamiza mfuo kwa gramu 5 au zaidi. Kila mara singo ile inapochezwa pale, sehemu yake fulani inapotea na haitarudi. Mtu anayesifu hali hiyo anasifu uharibifu, na wasikilizaji vijana wanaomwamini watakua wakidhani kwamba babu zao walicheza muziki wa hovyo.

Basi tuzungumze juu ya katriji kama inavyopasa, na tuzungumze kwa ajili ya muziki tulio nao majumbani: singo za benga, rumba ya Nairobi, na zile chache za Ekegusii ambazo bado hazijaliwa na unyevu.

Nguvu ya sauti kwanza

Kabla ya mtu kusema neno lolote kuhusu utamu, katriji anazozilinganisha ziwe na nguvu sawa ya sauti. Ortofon 2M Red hutoa milivolti 5.5. Audio-Technica VM95E hutoa milivolti 4. Zifunge kwa zamu kwenye mkono uleule, usiguse kitufe cha sauti, na Red itasikika juu kwa karibu desibeli 3. Sikio haliko huru katika jambo hili. Kilicho juu kidogo huonekana kina besi zaidi, kina uhai zaidi, kina waimbaji waliosogea karibu. Nimeona watu wakiamua kununua Red kwa tofauti hiyo peke yake, na wakarudi nyumbani wakiamini kwamba wamechagua kwa sikio.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta santuri ya majaribio yenye toni ya hezi 1,000, weka simu yenye programu ya kupima sauti pale unapokaa, kisha rekebisha hadi katriji zote mbili zisome namba moja. Wahenga walishatuonya kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Asiyesawazisha nguvu ya sauti hajalinganisha chochote, na maoni yake hayastahili kurudiwa.

Mambo mengine ya maandalizi nitayapitia haraka kwa sababu kila mwenye mashine anapaswa kuyajua. Uzito wa sindano upimwe kwa mizani, usikisiwe kwa namba zilizochorwa kwenye uzani wa nyuma: gramu 2 kwa VM95, 1.8 kwa 2M Red, 2.5 kwa Denon DL-103. Wako wanaopunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuzipiga kuta zake, na huumiza kuliko ile iliyozidi kidogo. Waya wa ardhi ufungwe vizuri ili mngurumo wa stima usisingiziwe katriji. Mashine iwekwe juu ya kitu kizito kisichotetemeka. Mimi hutumia bamba la jiwe la sabuni la Tabaka, na sijaona meza ya dukani inayolishinda. Tena usijaribu katriji alasiri. Katika Kisii mvua ya alasiri ikipiga mabati, hata spika za bei kubwa hazina la kukuambia. Subiri usiku, mvua ikishakata.

Jambo ambalo mgeni hulipita kila mara

Sasa nifike penyewe. Mgeni wa kazi hii, hata awe amesoma sana, huweka sindano mwanzoni mwa wimbo. Husikiliza dakika moja, huinua mkono, hubadilisha katriji, hurudia dakika ileile, kisha hutoa hukumu. Amepima mahali ambapo karibu kila katriji hufaulu.

Santuri huzunguka kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mfuo haupiti chini ya sindano kwa mwendo uleule. Kwenye LP ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni, mfuo hupita kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika karibu na lebo, mfuo hupita kwa sentimita 21 tu. Mtetemo wa hezi 10,000, ambao humo mna mng'ao wa gitaa, wa upatu wa ngoma na wa herufi s katika mdomo wa mwimbaji, mwanzoni ulikuwa umetandazwa katika urefu wa mikromita 51. Mwishoni umebanwa katika mikromita 21. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara tatu hivi. Sindano ya ncha ya duara, yenye nusu kipenyo cha mikromita 18, inatakiwa ipande na kushuka ndani ya mapindo hayo, nayo haitoshei. Huyapita juu juu. Mng'ao unapotea, na mahali pake panaingia uchafu ambao haukuwa kwenye kanda ya studio.

Singo ya inchi 7 ina nafuu kwa kuwa huzunguka mara 45. Huanza na karibu sentimita 40 kwa sekunde na kumalizia na 25. Lakini wazalishaji wetu wa Nairobi na Kisumu hawakuziacha singo zikiwa na nafasi tupu. Walizijaza dakika 4, mara nyingine 5 kwa upande, hivyo muziki ukafika hadi mlangoni mwa lebo.

Na hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Muziki wetu huweka kilicho bora mwishoni. Sikiliza singo yoyote nzuri ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, ya George Ramogi, ya Collela Mazee na Victoria Jazz. Kwanza maneno: mtu anasifiwa, anaombolezwa, anaonywa. Gitaa la solo linamfuata mwimbaji kwa adabu. Kisha maneno yanapungua, magitaa yanaachiwa, besi inaanza kukimbia, na mchezaji aliyekuwa amekaa anasimama. Rumba ya Nairobi ni vilevile: sebene, yaani magitaa yakiachiwa, haiji mpaka hadithi iishe. Nyimbo nyingi ziligawanywa pande mbili za singo, upande wa kwanza ukikatika wakati magitaa yanapata moto, na upande wa pili ukimalizika yakiwa yamefika kileleni. Maana yake ni kwamba kila mara muziki unapofika mahali ulipokuwa unakwenda, sindano imefika mahali inapokuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote.

Singo za pop za Uingereza na Marekani mara nyingi hutaka kumkamata msikilizaji mapema, kiitikio kisikike kabla hajabadilisha stesheni. Kwa muziki wa namna hiyo, dakika ya kwanza ina mengi ya kusema. Kwetu dakika ya kwanza ni salamu. Ndiyo maana katriji iliyosifiwa London inaweza kukuangusha Kiogoro, na wala hapana aliyedanganya.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Chukua singo moja unayoijua vizuri, isiyokwaruzika. Cheza dakika ya kwanza. Kisha inua mkono, uushushe upana wa kidole kimoja kutoka kwenye lebo, usikilize hadi mwisho. Rudia kwa katriji ya pili. Usijiulize ni ipi tamu. Jiulize ni katriji gani ambayo mwisho wake unafanana na mwanzo wake. Hiyo ndiyo bora, hata kama ile nyingine ilikuvutia zaidi mwanzoni.

Sikiliza mambo manne. La kwanza ni magitaa. Benga nzuri ina gitaa la solo na la pili, mara nyingine la tatu, yakijibizana kwa kupishana nusu ya pigo. Mwishoni mwa upande lazima yabaki kuwa magitaa mawili au matatu, kila moja na mahali pake. Yakigeuka kuwa ukuta mmoja, katriji imeshindwa. La pili ni upatu: mwanzoni hugonga na kuacha mlio mfupi, nao usigeuke mwishoni kuwa mvukuto wa mvuke. La tatu ni herufi s na sh za waimbaji wa kiitikio. Zikianza kutema mate, usiendelee kusikiliza. La nne ni usawa wa pande mbili kwa rekodi za stereo: upande mmoja ukichafuka kabla ya mwingine, sindano imekaa kombo au imechakaa upande.

Kati ya watu walionifundisha haya, ninayemheshimu zaidi ni mzee mmoja aliyeuza santuri mjini Kisii enzi za singo. Mteja alipoleta singo ya kubadilishana, mzee hakuwahi kuweka sindano mwanzoni. Aliishusha moja kwa moja karibu na lebo, akasikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, akatoa hukumu kabla sindano haijafika kwenye mfuo wa mwisho. Wateja walikasirika wakidhani ana haraka. Alikuwa akisema kwamba mwanzo wa santuri hauna siri. Aliweza kukuambia santuri ilichezwa kwenye baa au nyumbani, maana santuri iliyochezwa kwa sindano mbovu hufa kuanzia ndani kwenda nje. Na alikuwa sahihi kiufundi pia: pale mapindo yanapobana ndipo kuta za mfuo huumia zaidi. Kipimo kilekile kinachokuhukumia katriji kinakuhukumia santuri.

Jambo hili la mwisho wa upande linahusu pia namna ya kuifunga katriji. Mkono wa kawaida huzunguka kwenye egemeo moja, hivyo sindano huwa sambamba na mfuo katika sehemu mbili tu za safari yake. Mpangilio wa Baerwald huziweka sehemu hizo milimita 66 na 121 kutoka katikati. Ule wa Stevenson husogeza ya ndani hadi milimita 60. Wataalamu wengi hupendekeza Baerwald kwa kuwa wastani wake ni mzuri. Mwenye singo za benga atumie Stevenson. Nasema hivyo bila kusita: kama sebene ndiyo roho ya wimbo, sindano ikae sawa kwenye sebene.

Maumbo ya ncha

Ncha ya duara ina watetezi wake, na Denon DL-103 ndiyo bendera yao. Ilibuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, na bado inatengenezwa. Ina mwili mzuri, sauti za watu husimama kama watu, na ngoma hupiga kifuani. Ningempa mtu DL-103 kwa LP za kwaya na za mapigo ya polepole bila kusita. Kwa benga, hapana. Mwishoni mwa singo inayakusanya magitaa, na tena milivolti zake 0.3 zinadai kikuza sauti cha MC (koili inayosogea) ambacho wengi hawana.

Ncha ya duaradufu ndiyo ngazi ya chini kabisa ambayo mpenzi wa benga anapaswa kusimama. 2M Red na VM95E zote ziko hapo. Red ni ng'avu na ina haraka, lakini mwishoni mwa upande ung'avu huo hugeuka kuwa ukali. VM95E ni tulivu zaidi, na utulivu huo ni ishara ya malezi mema. Ukiwa na Red tayari, usiitupe: sindano ya 2M Blue huingia kwenye mwili uleule, na almasi yake, iliyochongwa nzima badala ya kipande kilichogundishwa, huondoa nusu ya malalamiko.

Juu ya duaradufu kuna ncha nyembamba: mikrolinia, na Shibata iliyobuniwa Japani kwa ajili ya santuri za spika nne za miaka ya sabini. Hizi hugusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu na mwembamba, hivyo huingia katika mikromita 21 bila kukwama. VM95ML, yenye ncha ya mikrolinia, ina mwili uleule wa VM95E, sindano tu hubadilishwa, na hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote ya kujifunza tofauti ya maumbo: mwili mmoja, mkono mmoja, sindano mbili. Weka E, cheza dakika ya mwisho. Weka ML, rudia. Aliyesikia tofauti hiyo mara moja hahitaji tena kusoma makala kama hii.

Watu hulalamikia bei. ML ni zaidi ya mara mbili ya E. Lakini Audio-Technica wenyewe hukadiria saa 300 za uhai kwa sindano ya duaradufu ya E na saa 1,000 kwa ML. Gawanya bei kwa saa, utaona ni nani aliyenunua kwa bei rahisi. Kuna faida nyingine kwa santuri zetu zilizotumika: ncha nyembamba mara nyingi hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano nene za baa hazikuifikia, na singo iliyohukumiwa kuwa imekufa hufufuka kidogo.

Santuri za 78 ni ulimwengu mwingine. Mfuo wake ni mpana na unataka ncha ya mikromita 76 hivi. Anayezicheza kwa sindano ya LP anafagia sakafu ya mfuo, kisha anasema santuri za zamani zilikuwa na kelele.

Wadanganyifu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii vibaya vinatembea sana.

Yuko muuzaji wa dakika ya kwanza. Anakuwekea mwanzo wa wimbo, unatabasamu, anainua mkono na kuanza kuzungumzia bei. Ukimwomba aache santuri iende hadi mwisho atakuambia kuna wateja wengine. Huyo anajua anachokificha. Yuko anayepandisha sauti kidogo anapoweka katriji ya bei kubwa, mkono wake ukiwa nyuma ya kikuza sauti. Yuko anayefuta singo kwa mafuta ya silikoni hadi zing'ae kama mpya. Mng'ao huo hauna uhusiano na hali ya mfuo, na mafuta hayo yataganda na vumbi kwenye ncha yako.

Mbaya kuliko wote ni wa sindano bandia. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na tangu hapo jina lao limekuwa mtego. Niliuziwa Nairobi sindano iliyoitwa ya Shure M44-7, kifurushi kizuri, rangi sahihi, maandishi yamenyooka. Mwanzo wa singo ulipita bila shaka. Upana wa kidole kimoja kutoka kwenye lebo, gitaa lilianza kupasuka kama mafuta yenye maji. Chini ya lenzi ncha ilikuwa imegundishwa kombo. Duka lile sitalitaja, lakini kipimo kilichonifumbulia ni kilekile ninachokupa hapa. Nunua lenzi ya kukuza mara 60, si ghali, na usinunue sindano yoyote ya jina lisilotengenezwa tena bila kuiangalia.

Mizani mingine

Kuna vipimo vingine ambavyo hubeba uzito mdogo lakini havipuuzwi.

Kwa besi, kipimo changu ni obokano. Zeze hili la Abagusii lina nyuzi nane na ndilo lenye sauti nzito kuliko mazeze ya jirani zake, na mwenye kulisikia ana kwa ana hawezi kudanganywa na spika. Katriji nzuri hukupa uzi, kisha ngozi, kisha mwili wa zeze lenyewe, vikifuatana. Katriji mbovu hukupa mngurumo mmoja mnene ambao watu huuita besi. Besi nyingi si besi nzuri. Ukitaka kupima kwa rumba, chukua Sina Makosa ya Les Wanyika: gitaa la kati la Omar Shabani na besi ya Tom Malanga ziwe vitu viwili vinavyosemezana, kila kimoja kikisikika kinapoanza na kinaponyamaza. Besi ya Malanga imejaa nafasi za ukimya, na katriji inayozijaza nafasi hizo haifai kuwa nyumbani mwa mtu anayejiheshimu.

Kwa wepesi wa kugonga, tumia nyatiti. Mpigaji hugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma aliyoivaa kidoleni mwa mguu. Mlio ule uwe mkavu na mfupi. Ukiwa na mkia, katriji inaongeza ya kwake. Na kwa kuwa gitaa la benga limejifunza mengi kutoka kwenye nyatiti, katriji inayofaulu hapo itakuheshimu kwenye benga pia.

Kwa sauti ya mtu, tumia rekodi ya lugha ya mama yako. Mtu wa Kiogoro amsikilize Christopher Monyoncho kwa Ekegusii kabla ya kumsikiliza mwimbaji yeyote wa Ulaya. Sikio linajua jinsi watu wa kwao wanavyovuta pumzi.

Katriji mpya isihukumiwe siku ya kwanza. Iache icheze wiki kadhaa, raba yake ilegee. Na katriji yoyote inayokufanya utake kubadilisha santuri kabla upande haujaisha haifai, hata vipimo vyake viwe vizuri namna gani.

Tulivyosikiliza

Watu wa rika langu hatukuzaliwa na masikio bora kuliko ya vijana. Tulifunzwa na mpangilio wa vitu. Singo ilikuwa na pande mbili, na mtu alilazimika kuinuka, kugeuza, na kushusha sindano tena ili asikie mwisho wa hadithi. Duka la santuri lilikuwa shule. Ulisimama kaunta, muuzaji akacheza upande wa kwanza, wote mliokuwa pale mkanyamaza, na sebene ilipoingia hata asiyenunua alichezesha bega. River Road ya Nairobi ilikuwa imejaa wazalishaji na wasambazaji. Polygram walichapa santuri nchini. Phares Oluoch Kanindo alizisafirisha benga hadi Zimbabwe, ambako jina la lebo yake ya Sungura lilibaki kuwa jina la aina ya muziki wa nchi ile. Melodica walifungua duka Nairobi mwaka 1971, kwenye barabara ya Tom Mboya. Santuri ilikuwa bidhaa ya watu wa kawaida, iliyofungwa kwenye karatasi na kuletwa Kisii ndani ya basi pamoja na magunia.

Na wenye mashine waliziheshimu. Kulikuwa na radiogramu nyumbani kwa mwalimu na kwenye baa nzuri, na mwenye baa nzuri alibadilisha sindano kabla haijalalamika. Fundi wa redio alijua kupima sindano kwa ukucha na kwa lenzi. Leo mtu anamiliki mashine ya laki moja na hajawahi kuitazama ncha ya sindano yake. Santuri zimerudi, na hilo linanifurahisha. Kwenye Kenyatta Market, Nairobi, kibanda cha James Rugami kimewalisha wapenzi wa santuri kwa miaka mingi, na vijana wanajaa. Lakini wengi wanarudi na picha ya santuri bila sauti yake, wanaitundika ukutani, wanaipiga picha, kisha wanaicheza kwenye mkoba unaoila.

Cha kununua

Nitasema wazi ili asiwepo wa kunielewa vibaya. Mwenye mashine ya mkoba aiuze leo, na asubiri kuliko kuendelea kuchezea santuri zake juu yake. Mwenye pesa kidogo anunue mashine ya zamani ya Kijapani iliyotunzwa, yenye mkono unaoweza kurekebishwa, na VM95E. Akishapata zaidi, abadilishe sindano tu aweke ML, na asiguse kitu kingine mwaka mzima. Mwenye 2M Red aiongezee sindano ya Blue. Mwenye DL-103 aitunze kwa LP zake na awe na kichwa cha pili cha mkono kwa ajili ya singo. Anayeambiwa kwamba katriji fulani ina "sauti ya zamani" aulize: zamani ipi, na upande gani wa wimbo?

Na ukienda kununua, iwe Kisii mjini au Nairobi, beba singo yako mwenyewe, ile unayoijua hadi pumzi ya mwisho ya mpiga gitaa. Mwombe muuzaji ashushe sindano karibu na lebo. Akikataa, funga mkoba wako uondoke. Akikubali, sikiliza sebene hadi ikome, kisha ndipo uulize bei.